Kwa nini mtama mweupe huwaita ndege shambani

Na Mwandishi Wetu, Kishapu

MKULIMA wa Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu mkoani Shinyanga, hukabiliwa na uamuzi mgumu kila msimu. Akipanda mahindi, jua huweza kuyakausha. Akipanda mtama, ndege huweza kuumaliza.

Kishapu ni miongoni mwa maeneo makavu ya mkoa huo. Kwa miaka mingi wataalamu wa kilimo wamehimiza mtama na uwele, kwa kuwa mazao hayo huvumilia ukame na kuendelea kukua mvua inaporejea.

Tatizo ni umbile la mazao yenyewe. Suke la mtama hukaa wazi juu ya bua, na punje zake ni ndogo, kiasi cha mdomo wa kwelea kwelea. Hindi hufunikwa na maganda, na punje zake ni kubwa mno kwa ndege huyo. Pamba na dengu, ambazo pia hulimwa Kishapu, si chakula chake.

Kwelea mmoja ana uzito wa takriban gramu 20 na huweza kula gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la ndege milioni moja, kwa hesabu hiyo, humaliza tani 10, sawa na magunia 100 ya kilo 100, kabla ya jua kuzama.

Chakula chao cha asili ni mbegu za majani ya porini. Zinapopungua, huhamia mashambani, hasa punje zikiwa bado na maziwa. Shamba lililokomaa peke yake, kabla au baada ya mengine, ndilo hushambuliwa zaidi. Ndiyo maana wakulima jirani hushauriwa kupanda kwa wakati mmoja.

Ipo mitama myekundu ambayo ndege huikwepa kwa sababu ya tanini, kemikali inayoifanya iwe chungu. Lakini uchungu huo humfikia pia mlaji, na ugali wake huwa mweusi. Viwanda vya bia na wasagaji hupendelea mtama mweupe, kama mbegu ya Macia. Kwa maneno mengine, kinachompendeza mnunuzi ndicho kinachompendeza ndege. Tena, kwelea wakikosa chakula kingine, hula hata ule mchungu.

Kinachobaki ni kuamia. Familia hukesha shambani kuanzia alfajiri, juu ya dungu, kwa kombeo na kelele za madebe. Kazi hiyo mara nyingi huwaangukia watoto, nao hukosa masomo.

Makundi makubwa yanapoingia, serikali hunyunyizia dawa kwenye malalo yao. Dawa iliyozoeleka, fenthion, haichagui: huua pia hua, bundi na mwewe, na ndege waliokufa kwa dawa hiyo hawafai kuliwa. Mwaka 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Rotterdam ziliweka aina kali ya fenthion ya kunyunyizia kwenye orodha ya kemikali ambazo nchi husika lazima iridhie kwanza kabla hazijaingizwa.

Kumhimiza mkulima apande mtama, kwa hiyo, ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumsaidia kuulinda hadi uingie ghalani.