Anwani ya Maunzi: Istilahi Moja, Dhana Mbili

Wafasiri wa vitabu vya kompyuta wamezoea kuandika “anwani ya maunzi” kila wakutanapo na ile namba ya biti 48 itambulishayo kadi ya mtandao. Hata hivyo, marekebisho yaliyoanza kufanywa mwaka 2021 katika kiini cha mfumo endeshi wa Linux yanadhihirisha kwamba istilahi hiyo imebebeshwa dhana mbili.

Dhana ya kwanza ni namba aiandikayo mtengenezaji ndani ya kadi. Ya pili ni nakala ambayo mfumo endeshi huiweka katika kumbukumbu yake na kuitumia upelekapo habari. Msimamizi wa kompyuta aweza kuibadili nakala hii pasipo kuigusa kadi.

Zamani kila kiendeshi, yaani programu iuwezeshayo mfumo kuitumia kadi, kiliandika nakala hiyo moja kwa moja. Uhuru huo haukuleta shida kubwa mpaka anwani zilipopangwa katika mti wa utafutaji, ili zinapokuwa nyingi zisikaguliwe moja moja. Anwani ikibadilishwa bila mti kuarifiwa, mti hubaki na habari za zamani, mithili ya daftari la mjumbe wa nyumba kumi ambamo aliyehama angali ameandikwa. Kwa hiyo viendeshi vingi vilirekebishwa ili kila badiliko lipitie utaratibu mmoja maalumu. Tangu toleo la 5.17, lililotoka Machi 2022, nakala hiyo imetangazwa kuwa ya kusomwa tu: mtunzi wa kiendeshi akijaribu kuiandika moja kwa moja, kompaila humwonya au humkatalia.

Sasa tazama sentensi hii: “Kiendeshi hubadili anwani ya maunzi.” Mwanafunzi ataelewa kwamba kadi yenyewe imeandikwa upya, na fundi atakwenda kuitafuta hitilafu mahali isipokuwapo.

Twapendekeza namba ya mtengenezaji iitwe “anwani asilia”, na nakala ya mfumo iitwe “anwani itumikayo”. Tulifikiria “anwani tumizi”, ambayo ni fupi zaidi, lakini neno “tumizi” limekwisha kushikwa na “programu tumizi”. Wako pia wasemao kwamba “anwani” si neno la haki hapa, maana kadi huchukua namba yake popote iendapo, kama gari na namba yake ya usajili. Hoja hiyo ina uzito, ila neno limekwisha kuenea mno. “Anwani ya maunzi” na ibaki pale tu ambapo matini asilia yenyewe haibagui.