Bisibisi kwanza, pikapu baadaye

Leo Fender alikuwa fundi redio. Alifungua duka lake la ufundi mjini Fullerton, California, mwaka 1938, na hadi anafariki mwaka 1991 hakuwahi kuwa mpiga gitaa. Gitaa lake la Stratocaster, lililoingia sokoni mwaka 1954, limebuniwa na mtu aliyezoea kufungua na kufunga vitu. Shingo imeshikwa kwenye kiwiliwili kwa skrubu nne. Pikapu zote tatu, pamoja na volyumu na swichi, zinaning'inia chini ya bamba moja la plastiki. Kwenye daraja, kila uzi una kitako chake kinachopandishwa, kushushwa na kusogezwa. Magitaa mengi ya bei nafuu yanayouzwa madukani kwetu ni nakala za mpangilio huohuo, na ndiyo maana mtu mwenye bisibisi, pasi ya kulehemu na mkono uliotulia anaweza kulibadilisha gitaa lake nyumbani.

Wengi wakitaka kuliboresha hukimbilia kununua pikapu, kwa sababu ndizo zinazosifiwa na ndizo ghali. Ushauri wangu ni kuzinunua mwisho kabisa. Pikapu haifanyi zaidi ya kupokea mtetemo wa uzi. Uzi ukiwa unagonga freti, au noti za juu zikiwa zimepotoka sauti, pikapu ya gharama itaifikisha kasoro hiyo kwenye spika ikiwa wazi zaidi.

Anza na shingo. Ndani yake mna fimbo ya chuma inayoshindana na mvuto wa nyuzi. Tyuni gitaa kama kawaida, kisha bana uzi wa sita kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja na kwenye freti ya mwisho kwa mkono mwingine. Tazama nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya saba. Inatakiwa iwe milimita 0.2 hadi 0.3, yaani unene wa kadi ya biashara. Ikiwa kubwa kuliko hapo, kaza fimbo kwa kuizungusha kufuata mwendo wa saa. Uzi ukiwa umelala kabisa juu ya freti, ilegeze. Robo mzunguko inatosha kwa mara moja, kisha tyuni upya na upime tena. Fimbo ikigoma usiilazimishe, maana ikikatika shingo nzima imekwenda.

Sasa njoo pale shingo inapokutana na kichwa, kwenye kile kipande chenye mifereji sita. Magitaa ya bei nafuu huharibikia hapa, na ni wachache wanaopatazama. Bana uzi kwenye freti ya tatu halafu chungulia juu ya freti ya kwanza: kati ya uzi na freti unatakiwa uone mwanga mwembamba kama unywele. Ukiona pengo kubwa, ujue mfereji haukuchongwa ukafika, na hiyo ndiyo sababu F ya freti ya kwanza inaumiza vidole na kutoka imepanda sauti hata kama gitaa limetyuniwa vizuri. Mfereji huchongwa kwa tupa nyembamba, ukilala kidogo kuelekea kichwani, mikwaruzo miwili mitatu kisha unarudisha uzi na kupima. Ukizidisha, uzi ukipigwa wazi utakuwa unagonga freti ya kwanza, na kipande kitakuwa hakifai tena. Cha kukibadilisha ni mfupa wa ng'ombe, ambao ni mgumu kuliko plastiki na haukosekani buchani. Uchemshwe utoke mafuta, ukaushwe vizuri, kisha usuguliwe kwa msasa hadi ukae sawasawa.

Daraja halina shida kubwa. Kwenye freti ya 12, milimita 1.6 hadi 2 kati ya uzi na freti inawafaa wapigaji wengi. Kisha linganisha sauti mbili hapohapo freti ya 12: ile ya kugusa uzi kwa wepesi bila kuubana, na ile ya kuubana. Ya kubana ikiwa juu, rudisha kitako nyuma uzi urefuke. Ikiwa chini, kisogeze mbele.

Anayeishi pwani ayarudie haya mara kwa mara. Mbao hunywa unyevu na kuutoa, hivyo gitaa lililopangwa Zanzibar likisafirishwa Dodoma kwenye hewa kavu shingo yake hujipinda upya. Hewa ya chumvi nayo hushika nyuzi kwa kutu, na nyuzi zenye kutu hula freti. Kitambaa kikavu baada ya kupiga ni kinga kubwa.

Baada ya hapo ndipo ufungue bamba. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba wenye unene wa milimita 0.06 hivi, mizunguko inayoweza kupita 7,000. Uzi wa chuma ukitetemeka juu yake huivuruga nguvu ya sumaku, na umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya, kwa kanuni aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831. Kuunda pikapu si jambo la viwanda vikubwa pekee. Kinshasa, Mawangu Mingiedi na kundi lake la Konono N°1 walizipa ala zao za likembe sauti ya umeme kwa pikapu walizoziunda kwa sumaku za vipuri vya magari mabovu.

Umeme huo ni dhaifu, na kabla haujafika kwenye waya wa amplifaya unapita kwenye volyumu na toni. Hapa pesa kidogo hufanya kazi kubwa. Pikapu za koili moja kwa desturi hufungiwa volyumu ya omu 250,000, na za koili mbili omu 500,000. Thamani ikishuka, sauti kali za juu huvuja zaidi kwenda ethi. Kwa hiyo gitaa linalochoma masikio linaweza kutulizwa kwa volyumu ndogo, na lililoziba likafunguliwa kwa kubwa. Kapasita ya toni huwa ya mikrofaradi 0.022 au 0.047, hiyo ya pili hukata sauti za juu zaidi unapoizungusha toni kwenda chini. Kuna wanaonunua kapasita za miaka ya 1950 kwa bei za kutisha wakiamini zina utamu wa peke yake. Mimi siuoni msingi wa imani hiyo. Kapasita mbili zenye thamani sawa, hata kama moja imetolewa kwenye redio bovu, zitafanya kazi ileile kwenye gitaa. Muhimu ni kuzipima kwa mita, kwa kuwa thamani halisi huweza kupishana na iliyoandikwa kwa asilimia 10 au 20. Na volyumu inayokwaruza usiitupe kabla ya kuipulizia dawa ya kusafishia vifaa vya umeme na kuizungusha huku na huku. Mara nyingi ni vumbi tu.

Piga picha nyaya zote kabla ya kuyeyusha chochote. Legeza nyuzi, funika kiwiliwili kwa kitambaa, fungua dirisha. Mgongo wa volyumu hunyonya moto, ndiyo maana pasi dhaifu hushindwa hapo; ya wati 40 inatosha. Usugue kwanza kwa msasa, upashe moto, kisha uguse chuma chenyewe kwa risasi. Ikitandaa imeshika. Ikisimama kama kitone, itabanduka siku ya onyesho. Nawa mikono kabla ya kula, maana risasi ni sumu.

Waya mmoja kutoka humo ndani hushuka hadi kwenye daraja na kuziunganisha nyuzi na ethi ya amplifaya. Ukigusa nyuzi na mvumo ukapungua, waya huo uko sawa. Lakini kwa waya huohuo mpigaji anakuwa sehemu ya umeme wa nyumba, na ziko nyumba ambazo soketi zina matundu matatu huku ethi haijafika ardhini. Mwaka 1972, mjini Swansea nchini Wales, Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alipigwa umeme jukwaani na kufa baada ya kugusa maikrofoni isiyokuwa na ethi. Fundi umeme aipime ethi ya chumba unachopigia kabla hujafikiria lolote kuhusu kelele.

Kwa kelele zenyewe, watu hubandika foili ya shaba ndani ya tundu la pikapu. Inasaidia, mradi vipande vyote vimegusana na vimeungwa kwenye ethi. Inazuia mikwaruzo ya taa na dima, lakini mvumo wa sumaku wa transfoma, ule wa hezi 50, unapenya foili kama kawaida. Dawa yake ni pikapu ya koili mbili. Seth Lover wa kampuni ya Gibson aliiombea hataza mwaka 1955: koili ya pili huzungushwa kinyume na sumaku yake hugeuzwa, hivyo mvumo unajifuta wenyewe na sauti ya uzi inajumlishwa.

Ukifika hapo, nunua pikapu kwa amani. Mpiga gitaa Eddie Van Halen alifunga pikapu ya koili mbili ya Gibson kwenye kiwiliwili cha umbo la Stratocaster, akaacha kitufe kimoja tu cha volyumu, na sauti yake ikasikika katika albamu ya kwanza ya bendi yake mwaka 1978. Ili isipige mluzi kwenye sauti kubwa aliitumbukiza kwenye nta iliyoyeyushwa, nayo ikazishika nyaya zisitetemeke. Anayejaribu nyumbani aweke kopo la nta ndani ya sufuria ya maji moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, kwani nta huwaka.

Badiliko nafuu kuliko yote, hata hivyo, halihitaji lehemu. Ni lile la wapigaji wa Kongo waliotoa uzi wa nne, wakaweka mwembamba kama wa kwanza na kuutyuni oktavu moja juu. Mtindo huo huitwa mi-composé. Uzi huo utacheza ndani ya mfereji uliochongewa uzi mnene, na kitako chake kitahitaji kusogezwa upya kwenye daraja. Ukiupenda kiasi cha kubaki nao, chonga kipande cha pili cha mfupa chenye mfereji wa nne mwembamba, na kile cha zamani ukihifadhi kwenye mfuko wa gitaa.