Wahitimu wa Monduli na Vijana wa Same: Ushauri Hauuzwi

Katika Milima ya Upare, desturi ya mkubwa kumfunda mdogo ni ya kale. Zamani vijana wa Kipare waliingia mshitu, yaani msitu wa jando, wakafundwa na wazee waliokwisha kupita humo.

Malezi ya Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli, mkoani Arusha, yanafuata mkondo kama huo, kwani maofisa wanafunzi hufunzwa na maofisa waliowatangulia. Rais Mstaafu Jakaya Kikwete, aliyetunukiwa kamisheni mwaka 1976, alikuwa mkufunzi chuoni hapo kati ya mwaka 1984 na 1986, kisha akastaafu jeshi mwaka 1992 akiwa Luteni Kanali.

Kwa kijana wa Same anayetamani njia hiyo, ofisa mstaafu anaweza kumweleza nidhamu, masomo na ustahimilivu unaohitajika. Hata hivyo, ushauri huo si nafasi ya kujiunga. Nafasi hutangazwa na Jeshi la Wananchi wa Tanzania lenyewe, na haziuzwi. Mzazi anayeombwa fedha kwa ahadi ya kuingiziwa mwanawe jeshini asiuze shamba wala ng'ombe. Atoe taarifa Polisi.