Usimwombe Nusu ya Pensheni Yako
Swali ni lile lile, na limeletwa tena na mama mmoja wa Gerezani: mkopeshaji amekaa na kadi yangu ya benki, nimwombe vipi aniachie angalau nusu ya pensheni ya ulemavu?

Usimwombe nusu. Kachukue yote.

Watu wanaamini kwamba wakishasaini karatasi na mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri, mkopeshaji ana haki ya kuchota mpaka deni liishe. Hana. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008, iliyoanzisha Mfuko unaomlipa kila mwezi aliyeumia kazini akabaki na ulemavu wa kudumu unaozidi asilimia 30, inakataza fidia hiyo kuhamishiwa mtu mwingine, kuwekwa rehani au kukamatwa kwa deni la namna hii. Muhuri wa mtaa haufuti sheria ya Bunge, hata angegonga wakili.

Tarehe za malipo, pita kwenye mashine za kutolea pesa Mtaa wa Msimbazi. Kijana mmoja ana bando la kadi limefungwa kwa rababendi, kila kadi imebandikwa plasta yenye namba ya siri kwa peni. Huyo hana hukumu, hana amri, wala si dalali wa mahakama. Ana namba uliyompa wewe. Mdai hawezi kukamata fedha zako benki bila kesi na amri ya mahakama. Hata akishinda, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inamkataza kugusa nguo zako, vyombo vya kupikia, vitanda, vifaa vya kazi vya fundi na nyumba unayoishi na familia. Aliyeshinda kesi amewekewa mipaka; asiyefungua hata kesi unamwachia kila kitu kwa nini?

Wengine hushauriwa vijiweni waihamishie pensheni kwa shemeji. Acheni. Ikiingia kwa jina lake, benki inaihesabu yake, na akidaiwa yeye itakamatwa kwa deni lake.

Fanya hivi. Nenda tawini na kitambulisho cha taifa, zuia kadi, chukua mpya na namba mpya ya siri. Ya zamani usiigombanie. Haitatoa hata shilingi. Pensheni usiichanganye na mauzo ya genge, maana mahakamani utatakiwa kuonyesha ipi ni ipi. Wito ukija, itikia. Mkopeshaji mdai leseni: Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyo nayo, basi usishangae kausha damu wa kichochoroni naye hana. Deni halijafutika, andikianeni upya, lipa kwa awamu, dai risiti. Kama unadaiwa na benki inayopokea pensheni yako, soma mkataba kwanza, kwani makato uliyoyaridhia ni habari nyingine. Huna hela ya wakili? Tafuta msaidizi wa kisheria, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inamtambua. Mkopeshaji akija kukutishia nyumbani, ripoti Kituo cha Polisi Msimbazi siku hiyo hiyo, na RB uitunze pamoja na barua ya Mfuko.