Sura ya Sita: Kibanda cha Bati na Upepo wa Kahama

Mkazi wa Nyasubi, mjini Kahama, anayetafuta mahali pa kuwekea majembe, bomba la kupulizia dawa, mbolea iliyobaki na magunia mawili matatu ya mpunga huingia dukani na swali moja: bati bei gani? Swali hilo lina haki yake, maana bati humeza sehemu kubwa ya fedha ya kibanda kidogo. Hata hivyo, kwa kibanda chepesi cha bei nafuu, fedha ya kwanza kutengwa inapaswa kuwa ya kile kitakachofukiwa ardhini, na bati linunuliwe kwa inayobaki. Kibanda cha bati ni nadra kuelemewa na uzito wake mwenyewe kikaanguka. Kinang'olewa, na anayeking'oa ni upepo.

Kanda hii ina msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili au Mei, na upepo wake mbaya zaidi hutoka kwenye mawingu ya radi. Hewa iliyopozwa na mvua hushuka kwa kasi kutoka winguni, na ikigonga ardhi husambaa pande zote. Ndiyo maana vumbi hufika kabla ya matone. Ikumbukwe kwamba mwendo wa upepo ukiongezeka maradufu, nguvu yake inakuwa mara nne. Kwa kilomita 36 kwa saa, upepo husukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 6 hivi kwa kila mita ya mraba. Kwa kilomita 72 ni kilo 25. Kwa kilomita 108 ni kilo 56. Chukua paa la mita 2 kwa 3. Upepo unaopita juu yake hulivuta kwenda juu, na mlango ukiwa wazi, upepo ulioingia ndani hulisukuma kutoka chini. Kwa mwendo huo wa mwisho, paa hilo la mita 6 za mraba linaweza kuvutwa kwa nguvu ya kilo zaidi ya 300, ilhali kibanda kizima, mbao na bati pamoja, mara nyingi hakifiki kilo 150. Hesabu hiyo haibadiliki kwa sababu fundi ni hodari au mbao ni nzuri.

Atatokea wa kusema: basi jenga kwa tofali, tuachane na bati. Tofali lina uzito, kweli, lakini uzito wa ukuta haumsaidii mwenye paa lisilofungwa kwenye ukuta huo. Usiku wa Machi 3, 2015, mvua ya mawe yenye upepo mkali iliipiga Mwakata, wilayani Kahama, ikaua watu zaidi ya 40, na wengi wao waliangukiwa na kuta za udongo. Paa likishaondoka, ukuta wa udongo hubaki wazi unalowa, na ukishalowa unakuwa hatari kuliko bati. Mwingine atasema wazee walipanga mawe juu ya paa na mambo yakaenda. Mawe matano ya kilo 10 ni kilo 50 tu, yaani hayatoshi hata kwa upepo wa kilomita 72, na siku paa litakaponyanyuka yatatua kwenye uwanja wanapochezea watoto. Isitoshe, chini ya kila jiwe maji hutuama, na kutu huanzia hapo.

Kinachofaa ni zege. Chimba mashimo manne, kila moja sentimita 30 kwa 30 na kina cha 60. Likijazwa zege, shimo moja linabeba kilo 130 hivi, kwa hiyo manne yanazidi kilo 500. Kwa mchanganyiko wa saruji ndoo moja, mchanga mbili na kokoto nne, mfuko mmoja na nusu wa saruji unatosha. Hiyo ndiyo gharama inayoogopwa! Udongo nao una neno lake. Kwenye luseni, ule wa kichanga, shimo huchimbika kwa urahisi lakini kingo humomonyoka, hivyo mimina zege siku ileile. Kwenye mbuga, udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, nguzo fupi husukumwa juu kidogo kidogo kila mwaka hadi mlango ukatae kufunga. Huko ongeza kina, au hamishia kibanda mahali palipoinuka. Nguzo ya mbao isizamishwe ndani ya zege, kwani maji hukaa kwenye shina lake na mchwa hupanda bila kuonekana. Zamisha kipande cha chuma cha pembe kilichotobolewa, kitokeze sentimita 15, kisha funga nguzo kwa bolti ikiwa imeachana na ardhi kwa upana wa vidole viwili. Mchwa akitaka kupanda itambidi ajenge njia yake ya udongo juu ya chuma, na utaiona.

Toka hapo, kila kiungo kiweze kustahimili kuvutwa kwenda juu. Msumari uliopigwa wima kutoka kwenye papi hadi kichwa cha nguzo hushikilia vizuri kinachokandamizwa, na huchomoka kwa kinachovutwa. Zungusha waya wa kufungia nondo mara mbili tatu, kaza kwa koleo. Bati lenyewe likaguliwe: namba ya geji ikiwa kubwa, bati ni jembamba, kwa hiyo geji 30 ni jembamba kuliko 28. Bati la geji 30 la mita 3 linapaswa kuwa na uzito wa kilo 5 na kitu. Likiwa jepesi zaidi ya hapo, jina la geji halikusaidii. Bati jembamba huchanika kuzunguka kichwa cha msumari, na baada ya dhoruba utakuta misumari imesimama mistari mizuri kwenye papi, bati halipo.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la mpangaji: kwa nini azike saruji kwenye kiwanja cha mwenye nyumba? Ana haki ya kuuliza. Jibu lake liko kwenye bolti. Kibanda kilichofungwa kwa bolti nne kwenye vyuma vya pembe hufunguliwa kwa spana na kupakiwa kwenye guta, na kinachoachwa ni mfuko mmoja na nusu wa saruji, ambao akielewana mapema na mwenye nyumba unaweza kukatwa kwenye kodi. Bolti hizo zipakwe grisi zikifungwa, na zikazwe tena kila Septemba, kabla mawingu ya kwanza hayajasimama.