Binti Akizaa Mapema, Akili ya Mtoto Inajengwaje?

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 43 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 mkoani Tabora walikuwa wameshazaa au walikuwa na mimba ya kwanza. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27. Basi watoto hawa wamo katika jumuiya zetu. Je, kuzaliwa na mama wa miaka 16 kunamfanya mtoto awe mzito wa kuelewa?

Umri peke yake hautoshi kueleza. Tafiti za nchi mbalimbali zimeona watoto hao wakiachwa nyuma kidogo katika lugha na kufikiri, lakini pengo hupungua sana watafiti wanapozingatia umaskini na elimu ya mama.

Madhara hupita njia mbili. Ya kwanza ni mwili: binti bado anakua, hivyo yeye na mimba hugawana chakula kilekile. Akikosa madini ya chuma, au mtoto akizaliwa njiti, ubongo huanza safari na upungufu.

Ya pili ni mazungumzo. Mtakatifu Thoma wa Akwino, akimfuata Aristotle, alifundisha kwamba maarifa yetu huanzia katika milango ya fahamu. Mtoto hutoa sauti, mama humtazama na kumjibu. Kwa kujibizana huko ubongo hujijenga. Binti aliyefukuzwa nyumbani, anayesemwa kisimani na hata kanisani, hunyamaza. Akinyamaza yeye, mtoto naye hukosa wa kumjibu.

Karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi walipokwenda pwani na misafara kwa miezi mingi, watoto waliobaki walilelewa na ukoo. Malezi hayakuwa mzigo wa mtu mmoja. Leo tunaweza kufanya vivyo hivyo: bibi amsemeshe mjukuu, baba wa mtoto asikimbie, jumuiya isaidie binti kufika kliniki. Tangu Novemba 2021 serikali inamruhusu mwanafunzi aliyejifungua kurudi shuleni. Akirudi, mtoto pia atafaidika.

Na ubatizo? Kanuni ya 868 inadai ridhaa ya angalau mzazi mmoja na tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa Kikatoliki. Haidai cheti cha ndoa. Tusimwadhibu mtoto kwa kumtenga mama yake.