Sufuria Moja Yatosha

Huenda unanisikiliza ukiwa umejifunika blanketi, au umeketi jikoni karibu na mafiga. Huku kwetu Masimba, katika vilima vya Masaba, Juni, Julai na Agosti ni miezi ya baridi. Asubuhi ukungu hulala juu ya mashamba ya chai, na jioni mvua hutukuta njiani. Ndiyo miezi ambayo mtu hutamani mambo mawili: chakula cha moto, na mtu wa kula naye. Leo tuzungumze juu ya mambo hayo mawili.

Mwaka mmoja, mwezi wa Julai, mama mmoja mjane wa kanisa letu alinijia baada ya ibada. Ushirika wetu wa nyumbani huenda kwa zamu, juma hili kwa huyu, juma lijalo kwa yule. Akasema, "Mchungaji, mwanangu, zamu yangu mwiruke. Nendeni kwa jirani."

Nikamwuliza, "Kwa nini, mama? Unaugua?"

Akajibu, "Siugui. Lakini juzi kwako tulikula kuku, wali na chapati, tukanywa na soda. Mimi nitawapa nini? Nina wimbi na mboga tu."

Ndugu zangu, neno lile lilinichoma. Kuku wale na soda zile nilikuwa nimezikopa dukani, ili meza ya mchungaji isichekwe. Nilidhani nakaribisha watu, kumbe nilikuwa nafunga mlango wa mjane.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 27 na ya 28, tunasoma jinsi meli ya Paulo ilivyovunjika karibu na kisiwa cha Malta. Watu 276 walifika pwani wameloa. Wenyeji hawakuuliza kwanza ni nani mfungwa na ni nani askari. Kwa ajili ya mvua na baridi, waliwasha moto, wakawakaribisha wote. Luka hatusimulii karamu yo yote pale ufukoni; anatusimulia moto. Ukarimu huanza na kile anachokihitaji mgeni, wala si kile kitakachomletea sifa mwenye nyumba.

Basi, wewe una nini nyumbani mwako?

Una wimbi. Changanya unga wake na maji ya vuguvugu, funika, weka mahali penye joto karibu na mafiga, uache siku moja au mbili uchachuke. Kwa kila kikombe cha unga chemsha vikombe vinne vya maji, mimina polepole huku ukikoroga, kisha uji utokote kama dakika kumi. Uji mzito hukaa na joto kwa muda mrefu. Tena unga wa wimbi una kalsiamu, madini yajengayo mifupa, mara nyingi kuliko unga wa mahindi. Mgeni aliyenyeshewa akipewa kikombe cha uji huo, hataulizia soda.

Una chinsaga, mboga ambayo kwa Kiswahili huitwa mgagani. Wengine huiogopa kwa uchungu wake. Ichemshe mpaka ilainike, tia maziwa, uiache ilale. Kesho yake ipashe moto, nawe utaona uchungu umepungua. Faida yake nyingine ni hii: imepikwa jana. Wageni wakifika, mama wa nyumba hayumo jikoni akihangaika kama Martha. Anaweza kuketi na kusikiliza kama Mariamu.

Una ndizi za kupika na maharagwe. Kwa wageni kumi, loweka vikombe vitatu vya maharagwe usiku, kisha uyachemshe mpaka yaive. Paka mikono mafuta kabla ya kumenya ndizi thelathini, ili utomvu usikushike. Kaanga kitunguu na nyanya, tia ndizi, maharagwe na supu yake, na chumvi. Funika kwa jani la mgomba, uache juu ya moto mdogo kama nusu saa. Ni sufuria moja tu, nayo yatosha.

Mwenye hekima katika Mithali 15:17 anatufundisha kwamba mboga penye upendo hushinda ng'ombe aliyenona penye chuki. Nami naongeza: hushinda pia kuku wa deni.

Jumapili iliyofuata niliungama jambo hilo mbele ya ushirika. Tukapatana kwamba kila nyumba itapika sufuria moja, na chai baadaye, basi. Zamu ya yule mama haikurukwa. Tulikula ugali wa wimbi na chinsaga iliyolala. Nyumba ni ndogo, tukaketi goti kwa goti, na baridi hatukuikumbuka. Aliniona nasita, akasema, "Mchungaji, ongeza ugali. Leo uko kwangu." Deni la dukani nililimaliza mwezi wa Oktoba, lakini furaha ya uso wake jioni ile ninayo hata leo.

Mpendwa msikilizaji, pengine kuna mtu karibu nawe anayekula peke yake majira haya: mzee ambaye watoto wake wako Nairobi, au kijana mgeni aliyepanga chumba sokoni. Usingoje mpaka upate nyama. Mwite juma hili. Na wewe uliye na vingi, angalia meza yako isimwaibishe jirani.

Tuombe. Ee Bwana, uliyewawashia wanafunzi wako moto wa makaa ufuoni asubuhi, utuondolee kiburi kinachofunga milango yetu. Bariki moto wetu mdogo na sufuria yetu moja, ukae nasi pamoja na wageni wetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.